Mtoto wa Kuazima

Kadi ilikuwa chini kabisa ya sanduku la bati la Mama, imezungushiwa kitenge kilichochakaa, na ilinuka gwanji, ile sabuni yetu ya mawese ambayo Mama aliipenda kuliko sabuni zote za dukani na akaiweka hata kati ya nguo. Tulikuwa wiki ya pili baada ya kumzika. Dada yangu Sesilia alikuwa uani akigawa vyombo kwa ndugu, na mimi nilikuwa ndani nikikunja nguo pamoja na mwanawe, Elia, ambaye siku hizi naye ni baba. Mkewe, Neema, wa miaka kumi na tisa, alikuwa amekaa mlangoni akimnyonyesha mtoto wao, mtoto mwembamba ambaye ulikuwa mwezi wa pili hajapelekwa kliniki.

"Mama mdogo," Elia akaniita, "hii ni kadi yangu ya utotoni. Hebu ona. Hapa niliugua nini?"

Wenye watoto wa zamani mnazikumbuka kadi zile, na njia zake za rangi: kijani kwa mtoto anayekua vizuri, kijivu kwa wa mashaka, nyekundu kwa wa hatari. Vidoti vya Elia vilipanda kwenye kijani mwezi wa tatu, vikapanda tena mwezi wa nne. Kisha mstari ukaanguka. Ulipita kijivu bila kusimama ukatua kwenye nyekundu. Nilimwambia asubiri nimalize kukunja nguo. Nguo zilikuwa zimekwisha kukunjwa.

Mimi ni mtu wa kushuku, sioni haya kulisema. Hata leo nikikaribishwa chai nyumba ya watu, humtazama kwanza mwenye nyumba akinywa yake. Marafiki zangu hunicheka. Lakini mtu hazaliwi na shaka, hufundishwa, kama anavyofundishwa kusuka mkeka. Mimi nilifundishwa nyumbani kwetu, kijiji cha upande wa Kitanga, miaka ile Warundi walipokuwa wakivuka mpaka na watoto mgongoni na magodoro kichwani, na makambi yakijaa watu hadi kuni zikawa za kufuatwa mbali. Kila mgeni alikuja na swali, na sisi tulijifunza kutazama nyuma ya swali kabla ya kujibu.

Nestori alikuja kwetu kutafuta kibarua cha kupalilia maharage. Alikuwa na miaka kama kumi na minane, mrefu, mpole, akijibu "ego, mama", yaani ndiyo, kwa kila alichoambiwa. Baba yetu alikuwa ameondoka kwenda mashamba ya tumbaku Tabora na hakuwa amerejea, kwa hiyo mikono ya mwanamume ilihitajika. Nestori akapewa kulala kwenye kibanda cha majembe. Haukupita mwaka, Sesilia, wa miaka kumi na sita, akawa na tumbo.

Mama alilia, akampiga Sesilia, akamfukuza Nestori, kisha akamwita arudi kwa sababu muhogo ulikuwa haujang'olewa. Baada ya hapo hasira iligeuka kuwa hofu, na hofu ndiyo iliyokaa. Mkimbizi mahali pake palikuwa kambini. Akionekana kijijini bila kibali, hukamatwa. Na huyu alikuwa amempa mimba binti mdogo, jambo ambalo peke yake lilimtosha kufungwa. Mama akatufundisha neno moja la kuwajibu watu wote: Nestori hayupo. Alikuwepo kila siku, anakata kuni, anachota maji, anamchezea mtoto wake vidole jioni, na hayupo.

Elia alizaliwa mdogo, na hakukua. Sesilia alikuwa na kifua cha msichana, maziwa yake hayakutosha, na Bibi, mama yake Mama, akawa anamwongezea mtoto uji mwepesi wa muhogo. Elia aliulamba na kuutapika. Ngozi ya mapaja yake ilikunjamana kama soksi iliyolegea. Mimi nilikuwa na miaka minane na nilikuwa mlezi wake, nikimbeba kutwa mgongoni, na nakumbuka jinsi nilivyomsahau nikicheza rede kwa sababu hakuwa na uzito.

Hapo ndipo alipokuja Nesi Mwajuma. Alikuwa mtu wa Pangani, ameletwa na serikali kwenye zahanati yetu, mwanamke mnene mwenye baiskeli ya kike, daftari, na Kiswahili laini kama cha redioni. Kwetu Kiswahili kilikuwa cha shuleni na cha ofisini. Nyumbani tulisema Kiha. Mtu anayekusemesha Kiswahili hadi jikoni, tulijua ana jambo.

"Nasikia hapa kuna mama mwenye umri mdogo na kichanga," alisema baada ya kukaa. "Nimekuja kuwasaidia, jamani. Kichanga kiko wapi?"

Mama akamtoa Elia kwa shingo upande. Nesi akachomoa mfukoni kitepe chembamba chenye rangi, akakizungusha kwenye mkono wa Elia, akakikaza taratibu, akakitazama, akaguna. Kisha akaandika kwenye daftari. Kisha akauliza, "Na baba yake yuko wapi?"

"Hayupo," tukasema, Mama, Bibi na mimi, kwa pamoja kama wanakwaya.

Akatutazama mmoja mmoja. "Mtoto huyu hali yake si nzuri. Mumlete siku ya mizani, kila mwezi. Akizidi kupungua itabidi tumpeleke hospitali alazwe."

Alipoondoka, kila mtu alikuwa amesikia lake. Mama alisikia "baba yake yuko wapi", akaona lori la askari. Bibi alisikia "alazwe", na kulikuwa na uvumi sokoni kwamba watoto waliokonda wanachukuliwa, wanalishwa maziwa ya unga kwenye mahema ya wazungu, na mama zao hawaonyeshwi tena. Mimi sikusikia chochote. Mimi niliona kitepe.

Mwaka mmoja kabla, Babu alipofariki, fundi seremala alikuja na kamba ya mgomba. Alimpima Babu kutoka kichwani hadi miguuni, akafunga fundo, akampima mabega, akafunga fundo lingine, akaenda zake na kamba mkononi. Jioni akarudi na sanduku. Bibi aliponikuta siku chache baadaye nikitaka kumpima mtoto wa jirani kwa kamba ya mgomba kama ile kwa ajili ya mchezo, alinipiga kofi nikaona nyota. "Aliye hai hapimwi kwa kamba," alisema. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Hata gauni langu la sikukuu lilishonwa kwa kukisia kwa macho, na ndiyo sababu kila mwaka lilikuwa la mtu mwingine. Basi nilipomwona yule mwanamke akimpima Elia na kuandika, nilielewa vizuri kabisa. Alikuwa amechukua kipimo. Kilichobaki ni kurudi na sanduku.

Dawa ya hofu zetu tatu aliipata Mama. Jirani yetu, Mama Jeni, alikuwa na mtoto wa kiume aliyempita Elia mwezi mmoja tu, anaitwa Dani, mnene hadi viwiko vyake vilikuwa na vishimo. Siku ya mizani ilifanyika kwenye ghala la ushirika, mizani ikining'inia kwenye boriti na suruali ya turubai ya kuwatia watoto. Mama Jeni alimpima Dani mapema, akatoka, akazunguka nyuma ya ghala. Huko Sesilia alimpokea, akambadilisha kofia, akamfunga kwa kanga yetu, akaingia naye kama Elia. Mimi nilishika kadi. Elia wa kweli alibaki nyumbani na Bibi, amefungiwa chumba cha ndani.

Mama Jeni alikubali kwa moyo wa ujirani, lakini naye alikuwa na shaka zake. Aliogopa unono wa mwanawe usije ukaandikwa kwenye kadi ya mtoto mwingine ukahamia huko. Kwa hiyo kila siku ya mizani, kabla hajatoka nyumbani, alimpaka Dani masizi ya chungu katikati ya paji la uso, ili bahati yake imfahamu mwenyewe.

Nesi Mwajuma alimtia Dani kwenye suruali mara ya pili asubuhi ileile. Dani alilia mara ya pili, akakojoa mara ya pili. Nesi alitazama mizani, akamtazama Sesilia, akanitazama mimi. "Ameongezeka," alisema polepole. "Hongera." Akaweka kidoti kwenye kijani. Mwezi uliofuata tukafanya tena, naye akaweka kidoti kingine, juu zaidi. Njiani kurudi Sesilia alicheka hadi akakaa chini. Kisha, akiwa bado chini, akaanza kulia. Nilimwuliza ana nini.

"Dani ni mzito," alisema. "Nimesahau kama mtoto huwa mzito."

Nyumbani Elia alikuwa ameacha hata kulia vizuri. Alitoa sauti nyembamba ya mlango unaofunguliwa taratibu. Nestori alikaa naye usiku na mchana akimdondoshea maji kwa ncha ya kitambaa. Siku moja alimwambia Mama, "Mama, miye wanikamate tu. Mtoto apelekwe." Mama akamjibu kwamba yeye ni mtoto pia, hajui asemalo, na serikali haimkamati mtu mmoja ikamwachia mwingine dawa. Nilisimama mlangoni nikawa upande wa Mama. Hilo nalikumbuka na silipendi.

Nesi alikuja siku ya soko. Mama na Bibi walikuwa wamekwenda kuuza maharage, Sesilia na Nestori walikuwa bondeni wakivundika muhogo, na mimi nilikuwa uani peke yangu nikichambua mboga. Elia alikuwa ndani. Nesi aliegemeza baiskeli ukutani. Hakuwa na daftari, na hilo lilinitia shaka zaidi.

"Elia yuko wapi, mwanangu?"

"Ameenda na mama yake shambani."

Akakaa kwenye gogo. Akafuta jasho kwa ncha ya mtandio. Nilipomtazama niliona macho yake yamelowa.

"Nimempima Dani mara mbili," alisema. "Mwezi uliopita mara mbili, na mwezi huu mara mbili. Uzito uleule, masizi palepale. Hata kwetu Pangani tunawapaka watoto masizi, mwanangu, mimi si mgeni wa hayo." Akavuta pumzi. "Nimekaa na jambo hili silali. Sitamwita askari. Niambie tu. Mlimzika wapi?"

Sikuamini masikio yangu. Miezi yote ile tulimshuku yeye, kumbe na yeye alikuwa ametuweka akilini mwake kama wauaji. Nilikasirika kwa hasira ya mtu mwema anayesingiziwa.

"Hatujamzika!" nilipiga kelele. "Yuko ndani!"

Neno likishatoka halirudi. Nesi alisimama. Nami nikakimbia nikajibana mlangoni, mikono huku na huku, nikamwambia haingii, kwa sababu akimpima tena atakufa. Akaniuliza nani kaniambia hivyo. Nikamweleza yote: Babu, fundi, kamba ya mgomba, fundo la kichwani na fundo la mabegani, na sanduku lililokuja jioni. Nilitegemea acheke, au anisukume. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alichomoa kitepe mfukoni, akanipa.

"Basi nipime mimi kwanza."

Akakunja mkono wa blauzi. Nilizungusha kitepe kwenye mkono wake. Hakikufika hata nusu. Alitazama mkono wake, akatazama kitepe, akaguna, "Yaa Rabi, chapati hizi," nami nikacheka bila kutaka. Kisha nikajipima mwenyewe. Kisha tukakaa kwenye gogo, mimi na yeye, tukingoja kuona nani anakufa. Kuku walipita. Jua lilikuwa linachoma. Hakuna aliyekufa, na hakunihimiza hata mara moja, ingawa leo najua kila dakika ile ilimkata maini.

Nikaingia nikamtoa Elia.

Sitasahau jinsi alivyompokea. Alipofungua kanga hakuguna tena. Alimfunika upesi, akaniambia nikimbie nikamwite mama yake, nisisimame njiani. Nilirudi na Sesilia akihema, matope hadi magotini. Nestori alitufuata, lakini alipoona vazi jeupe alikwama kwenye migomba.

"Wewe ndiye baba?" Nesi alimwita. "Umesimama huko kwenye migomba kama nyani mwizi, na mwanao anakwisha? Njoo ushike baiskeli. Ukiulizwa na mtu yeyote, uko na mimi."

Alimpandisha Sesilia nyuma na mtoto kifuani, Nestori akasukuma, yeye akatembea pembeni mkono mmoja mgongoni kwa Sesilia, wakaenda hivyo hadi barabara kuu kutafuta gari la kwenda hospitali Kasulu. Kabla ya kuondoka aliomba kadi. Aliweka kidoti cha siku ile kwa uzito alioupima mikononi mwake, akaandika na kitu kingine juu yake, akaitia kwenye kanga ya Sesilia.

Mama aliporudi na kukuta nyumba haina mtoto, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Umetuuza." Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Hospitalini walikaa wiki sita. Bibi alikwenda mara ya kwanza akiwa amejiandaa kugombana, akarudi akisema kwa mshangao kwamba mama hulala kitanda kimoja na mwanawe, na kwamba hata yeye, mzee, alipewa kikombe cha uji na kufundishwa kukoroga karanga ndani yake. Nestori alilala nje ya wodi na kuwapikia. Elia alirudi na mashavu. Alinishika pua akaivuta, na nilipomfunga mgongoni sikumsahau tena, maana alinielemea.

Na wiki mbili baadaye malori yakaja. Amri ilikuwa imetoka kwamba wakimbizi wote walioko vijijini warejeshwe makambini, na bonde zima lilipekuliwa, nyumba kwa nyumba. Nestori alichukuliwa akiwa na jembe mkononi. Leo, mtu mzima, najua kwamba walichukuliwa mamia, na wengi wao hawakuwahi kumwona nesi yeyote. Siku ile Mama alisema, "Kikulacho ki nguoni mwako," akatazama njia ya zahanati, na kijiji kizima kikatazama huko.

Nesi Mwajuma aliendelea kuja. Alisimama uani kwetu akapiga hodi, na Mama alikuwa ndani, na hakuitika. Kwetu salamu si kitu kidogo. Mtu huinama, hupiga makofi polepole, huuliza habari za mtoto, za ng'ombe, za mvua, na kumnyima mtu salamu ni kumwambia hayupo. Wanawake wote walimnyima. Siku moja alinikuta kisimani. Aliweka baiskeli chini, akainama kidogo, akapiga makofi vibaya vibaya kama wageni wanavyopiga, akasema, "Mwakeye." Alikuwa amejifunza. Nami, niliyempima mkono, niliyecheka naye kwenye gogo, nilijitwika ndoo yangu nikapita. Nilidhani ni yeye aliyemsema Nestori. Na kama si yeye, basi ni mimi, niliyemfungulia mlango. Ilikuwa nafuu awe yeye. Baadaye alihamishwa na sikumwona tena.

Sesilia alimfuata mumewe kambini na mtoto mgongoni. Mambo yao yalikuwa marefu, na mengine si yangu kusimulia. Yatosha kusema leo wanalima Muyama, na Nestori ana karatasi zake, na bado hujibu "ego, mama" hata kwa binti zake. Mama aliificha kadi sandukuni na hakuna aliyeiona hadi alipofariki.

"Mama mdogo," Elia alirudia. "Niliugua nini?"

Nikaichukua kadi mkononi kwa mara ya kwanza tangu utoto. Juu ya vidoti, kwenye nafasi ya jina la baba iliyokuwa tupu siku zote zile, palikuwa na mwandiko wa kuinama, wino umefifia. Nestori. Mkulima. Mzaliwa wa kijiji hiki. Alikuwa ameyaandika siku ileile ya baiskeli, kwa mkono wake, yeye mtumishi wa serikali, akijua si kweli. Nilisoma mara tatu. Nilikaa kwenye sanduku la Mama, na machozi yakanitoka mbele ya mtoto niliyemlea.

"Hapo hukuugua," nilimwambia nilipoweza. "Huku juu, kwenye kijani, ndiko ulikokuwa unakufa. Huyu wa kijani ni Dani. Hapa chini ndipo ulipopimwa wewe."

Nikamsimulia kama nilivyowasimulia ninyi. Neema alisikiliza kutoka mlangoni bila kugeuka. Nilipomaliza alisema, "Watasema sijui kulea. Mwezi ule wa mwisho kliniki, manesi walinisema mbele za watu."

"Watasema," nilimjibu. "Nitakuwa nimekaa pembeni yako wakisema."

Asubuhi tulikwenda kliniki, sisi watatu na mtoto. Kwenye benchi Neema alinishika mkono hadi vidole vikafa ganzi. Aliyetuita ndani alikuwa nesi kijana, wa kutoka mbali kwa sura na kwa lafudhi, na kabla hatujakaa alikuwa amekwisha kuchomoa kitepe mfukoni. Mwili wangu ulisisimka kama wa mtoto wa miaka minane. Nikatua mkoba sakafuni. Nikainama, nikapiga makofi polepole, nikamsalimu kwa Kiha salamu nzima, ya mtoto, ya ng'ombe na ya mvua, na yule binti akasimama na kitepe chake mkononi, haelewi, akisubiri nimalize.